Fuko na Kata ya Maji

Juma lililopita kijana mmoja aliingia kwangu hapa Bomeni na mkoba wa vidonge vya kuua fuko. Alikuwa ametoka kwa jirani, akaviona vile vituta vya udongo vilivyotapakaa kati ya migomba yangu na viazi, akadhani siku yake imenyooka. Alinisalimu kwa adabu, akasema, "Nyanya, hawa wadudu watakumalizia shamba." Nikamwambia shamba ni langu na fuko ni wangu, na kama mikono yake inawasha kuua kitu, aende akaue njaa kwao. Mjukuu wangu wa kike alikuwa barazani, akaona haya. Alimsindikiza yule kijana mpaka barabarani, akarudi, akaniuliza, "Nyanya, kwa nini una maneno makali hivyo?" Si yeye wa kwanza kuniuliza. Marehemu mume wangu aliniuliza swali hilo muda wote wa ndoa yetu, akazikwa bila kujibiwa.

Walipoondoka wote nilikwenda nikachutama kando ya kituta kimoja. Kilikuwa kimetoka kusukumwa, udongo wake bado umelowa. Ninyi mliolelewa milimani mnaijua harufu ile. Si harufu ya mvua ya kwanza, wala si ya shamba lililolimwa. Ni ya udongo wa chini kabisa, usiojua jua, wenye vipande vya mizizi iliyokatwa kwa meno. Niliushika, nikaunusa. Nilikaa pale chini nikiwa mtoto wa Taita tena, siku zile Mama alipolala chumbani na dirisha likazibwa.

Kwetu kulikuwa mteremkoni, mahali ambapo kiazi kikikuponyoka unakwenda kukiokota kwa jirani. Siku isiyo na ukungu uliona nyika ya Voi imelala chini kule, nyekundu, na moshi wa gari la moshi ukitambaa juu yake. Baba alifanya kazi huko kwenye reli. Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini moshi ule ni wa moto wa Baba, anapika, na nilishangaa kwamba mtu mmoja anaweza kupika kutwa nzima na bado aje nyumbani amekonda. Ulikuwa wakati wa ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Magari yalipita usiku na mchana yamejaa watu waliofungwa, na wafanyakazi wa reli hawakupewa ruhusa kirahisi. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Baba haji.

Nyumbani tulikuwa wachache. Kulikuwa na Mama. Kulikuwa na Nyanya, mama yake Baba, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, aliyebatizwa uzeeni na kwenda kanisani kila Jumapili bila kuacha hata kimoja cha vile alivyovijua kabla ya kanisa. Kulikuwa na Baba mdogo Mwadime, mdogo wake Baba, kijana aliyekuwa bado hajaoa, na ndiye aliyelima, aliyekata kuni, aliyefanya yote ambayo Baba angefanya kama angekuwepo. Na kulikuwa na mimi, Wakesho, mtoto wa pekee.

Ningekuwa na ndugu. Mama alijifungua mvua zilipoanza, mtoto wa kiume, na mtoto yule hakukaa. Hakufikia hata kupewa jina. Mkunga alimpitisha mbele yangu mlangoni amefungwa leso, na mkono mmoja ulikuwa umetoka nje. Hicho tu ndicho nilichokiona cha ndugu yangu, mkono ule, wa rangi ya waridi, vidole vimekunjwa kana kwamba ameshika kitu na hataki kukiachia. Wanawake walikwenda naye nyuma ya nyumba, wakarudi bila yeye. Mimi nilipelekwa nikachote maji.

Baada ya hapo Mama hakuamka. Homa ilimshika, ikashuka, ikamshika tena. Mwanga ulimuumiza macho, basi Nyanya akaziba dirisha kwa gunia la mkonge. Niliruhusiwa kuingia asubuhi kumwamkia, na ilinibidi nisimame kwanza mpaka macho yazoee giza ndipo nimwone yuko upande gani wa kitanda. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa moto, na ulikuwa na harufu ambayo sikuipenda. Aliniuliza, "Umekula?" Kila siku hilo tu.

Yeye mwenyewe hakula. Kitu pekee alichokikubali ni kiazi kitamu kilichopondwa na maziwa kidogo, na viazi hivyo vilikuwa shambani kwake, chini ya nyumba, matuta aliyoyainua kwa mikono yake akiwa na mimba. Sasa fuko walikuwa wanavila. Fuko haibi kama nyani, akakuachia maganda uone hasara yako. Huja kutokea chini. Majani juu yanabaki mabichi, unafurahi, ukivuta shina linakuja peke yake halina kitu.

Baba mdogo aliwatega. Nyanya alikuwa amemwambia, "Chakula cha mgonjwa kinaliwa na panya wa ardhini, na wewe umeketi." Alinichukua tuende pamoja, na mimi nilipenda kwenda. Alitafuta njia ya fuko kwa kisigino, akaichimbua na kuiacha wazi. Alichomeka ufito mbichi kando, akauinamisha, akaufunga kamba ya mkonge yenye kitanzi, na kitanzi akakiweka mle ndani ya njia. "Fuko hawezi kuvumilia mlango wazi," alinieleza. "Upepo ukimpiga tu, anakuja kuziba. Hapo ndipo anapojifunga mwenyewe." Nilimwuliza kwa nini asiache tu wazi aende zake. Alicheka. "Kwani wewe ukilala usiku unaacha mlango wazi?" Nilimpenda sana Baba mdogo, na naona vizuri kulisema hilo kabla sijaendelea.

Asubuhi moja nilitumwa nikachume matembele. Nilikuta ufito mmoja umefyatuka, kamba imekatika, na fuko mwenyewe yuko nje juu ya tuta, kwenye jua. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa hai. Alikuwa mnene, wa manyoya laini ya kahawia, hana mkia wa kutaja, meno yametokeza nje ya midomo. Alikuwa anazunguka mahali pamoja. Hakujua aende wapi, maana macho yake yalikuwa madogo kuliko punje za mtama na jua lilikuwa linamwangukia. Kitanzi kilikuwa kimemkaza begani. Nilipoinama niliiona mikono yake. Haikuwa na manyoya. Ilikuwa ya rangi ya waridi, vidole vimekunjwa.

Baba mdogo akateremka na jembe. "Ahaa, mwizi wetu," alisema, mwenye furaha, kwa sababu Mama angekula. Nikamwambia, "Baba mdogo, usimpige." Hakunisikia, au alinisikia akadhani naogopa damu. "Geuka utazame huko," akasema. Sikugeuka. Nilimshika mkono, na jembe likashuka upande, likampiga fuko pale pale begani. Fuko alilia. Watu husema hawana sauti, wanayo. Baba mdogo akainua tena, na wakati ule ule Nyanya akaita kutoka juu, sauti ambayo hakuwa ameitoa siku zote zile, "Mwadime, mama Wakesho amezirai." Baba mdogo akatupa jembe, akapanda mlima mbio.

Nilipaswa kumfuata. Badala yake nilimtia fuko kwenye gauni langu, nikakunja pindo, nikampeleka kwenye banda la mbuzi. Huko nyuma kulikuwa na nyungu iliyovunjika shingo ambayo Nyanya hakuitupa, kwa kuwa hakuwahi kutupa kitu. Niliijaza udongo wa tutani, nikamweka, nikafunika kwa kipande cha gunia. Kidonda nilikitia majivu baridi na mafuta ya nyonyo, kama Nyanya alivyonifanyia nilipoanguka. Aliniuma kidole mpaka mfupani. Nililia kimya kimya, na aliyenilisha uchungu ule kwa hesabu yangu hakuwa fuko. Alikuwa Baba mdogo. Moyo wangu ulimkataa. Sikutaka anitazame, sikutaka anipe chakula kwa mkono wake.

Mama alizinduka. Baba mdogo alimwambia Nyanya, na mimi nilikuwa mlangoni nikisikia, "Mama, tumpeleke hospitali. Nitatafuta vijana, tutengeneze machela." Hospitali ilikuwa mlima wa pili, njia ya kutwa nzima kwa watu waliobeba mzigo. Nyanya akajibu, "Utamtoa kwenye nyumba hii ilivyo? Nyumba ipoe kwanza. Mgonjwa akitoka na hasira ikabaki nyumbani, ile hasira itamfuata njiani."

Hapa lazima niwaambie wasio wa kwetu. Wazee wetu waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni haikai bure. Inatafuta mtu wa nyumba ile ile na kumla, na mara nyingi inamla asiye na kosa. Basi nyumba ikiwa na mgonjwa watu walikutana, kila mmoja akachukua maji au maji ya miwa kinywani, akayapuliza nje, akasema ameitoa. Hiyo ndiyo kutasa. Siku hizi Wataita wakisema kutasa wanamaanisha kusali kanisani, na wengi hawajui kwamba neno hilo liliwahi kuwa na maji ndani yake. Mwalimu wa kanisa hakupenda, lakini Nyanya alisema maji ni maji, hata yeye mwalimu anawamwagia watoto kichwani.

Tulikutana uani alasiri ile, sisi watatu tu. Nyanya alichota maji kwenye kata, akajaza kinywa, akayapuliza yakatawanyika juani, akasema, "Kama nina hasira na mtu wa nyumba hii, nimeitema. Nyumba ipoe. Mgonjwa apone." Akampa Baba mdogo. Baba mdogo akafanya vile vile, haraka haraka. Halafu mimi. Nyanya alinishikia kata, akaniambia polepole, "Hata mtoto, Wakesho. Hata hasira ya mtoto ina meno. Uitoe yote, usibakize."

Nikajaza kinywa, nikapuliza, nikasema maneno yote bila kukosea. Na nilipokuwa nayasema nilikuwa namtazama Baba mdogo, na moyo wangu ulikuwa umekaa pale pale. Haukusogea. Maji yalitoka, hasira ikabaki. Nilielewa mara moja maana yake. Mama yuko mle ndani, na mimi ndiye ninayemla.

Mtu mzima anaweza kucheka. Mtoto hana mlango wa kutokea kwenye jambo kama hilo. Sikuweza kumwambia Nyanya, kwa kuwa ningeonekana nimemdanganya Mungu na wahenga kwa pamoja. Sikuweza kuamrisha moyo, nilijaribu. Nilimtazama Baba mdogo akila na kujiambia, huyu ni mtu mwema, na papo hapo nilisikia kile kilio cha fuko. Nikaona njia moja tu. Fuko akipona, sitakuwa na sababu ya hasira. Nisipokuwa na hasira, Mama ataamka. Ilikuwa wazi mbele yangu kabisa, na hakuna aliyenifundisha.

Basi nilimuuguza fuko kwa roho ya mtu anayemuuguza mama yake. Kiazi changu cha jioni nilikula nusu, nusu nikampelekea. Sikugusa vya Mama. Nilimbadilishia udongo. Nilimwomba, kwa maneno ninayokumbuka mpaka leo, "Pona, tafadhali, mimi nina haraka." Siku za mwanzo alilala upande mmoja na kutetemeka. Kila nilipofungua gunia alijivuta kukwepa mwanga, na mimi nikafunika upesi, nikifikiri, wote wawili hawapendi mwanga, kumbe wanaumwa ugonjwa mmoja. Halafu asubuhi moja nikakuta kiazi kimetafunwa. Nilikimbia chumbani kwa Mama moja kwa moja, bila kunawa. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Aliniambia, "Unanuka udongo wewe," akatabasamu. Ningeweza kuruka. Niliona kazi yangu inafaa.

Lakini kesho yake homa ikarudi. Nikaenda kwenye nyungu nikamkuta fuko ametulia tena, kidonda kimetoa maji. Nilitafuta ni nini nimekosea. Mambo yakaenda hivyo, akipata nafuu mmoja nadhani na mwingine amepata, akizidiwa mmoja natafuta kwa mwingine. Baba mdogo alituma salamu Voi kwa kila mtu aliyeshuka kwenda sokoni. Salamu zilifika. Jibu likawa lile lile, ruhusa bado.

Ni meno yaliyotufichua. Fuko akipata nguvu husaga meno, na banda la mbuzi halina mlango. Baba mdogo aliingia kufungua mbuzi, akasikia. Nilipofika alikuwa ameinamia nyungu, ameinua gunia. Nilisimama mbele yake, nikaikumbatia nyungu yote, nikamwambia, "Ukimwua huyu umemwua Mama."

Alinitazama. "Nani kakwambia hivyo?"

Nikamwambia yote. Nilikuwa nimeyabeba muda mrefu, yalitoka vibaya, kilio na maneno pamoja: jembe, mkono wa ndugu yangu, maji niliyoyatema bure, hasira yangu yenye meno. "Nimejaribu kukupenda," nilimwambia. "Haitoki."

Sikutegemea alichokifanya. Aliketi chini kwenye mavi ya mbuzi kama mtu aliyechoka. Akachokonoa udongo wa nyungu kwa kidole. Halafu akasema, "Wakesho, hata mimi nilitema maji tu."

"Wewe una hasira na nani?"

"Na baba yako. Najua ananyimwa ruhusa. Najua. Lakini nikimwona mama yako vile, nasema, mwanamume angetoroka. Na nyanya yako, unafikiri yeye alitema nini? Alimchagulia baba yako msichana wa jirani hapa. Baba yako akaenda kuoa kule mlima wa Sagalla. Nyanya yako hajalimeza hilo mpaka leo, na mama yako ni mgonjwa ndani ya nyumba yake. Tulitema maji pale sote watatu. Kila mtu akarudi na yake."

Mpaka siku ile nilidhani watu wazima wakisema jambo limetoka, limetoka.

Baba mdogo akasimama, akajipangusa. "Nyumba hii haitapoa. Tukingoja ipoe atatufia mikononi. Kesho namchukua, Nyanya yako atake asitake." Akaifunika nyungu kwa gunia, vizuri, pembe zote. "Na huyu umrudishe kwao. Amepona. Sitamtega tena, wala yeye wala wenzake." Aliweka kiganja chake kichwani kwangu. Nami nikajikuta nimeegemea mguu wake, kama zamani.

Asubuhi vijana wa jirani walikuja na machela ya miti na kamba. Nyanya hakugombana. Alisimama mlangoni na mikono imefumbatwa, akasema neno moja tu, "Itamfuata." Walipomtoa Mama nje alifumba macho kwa sababu ya jua. Nilimsogelea. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema ndiyo. Baba mdogo alishika mti wa mbele, wakateremka.

Mimi sikuwafuata hapo hapo. Nilikuwa na kazi, na nilijua lazima niimalize kabla hawajafika mbali, kabla ile hasira haijapata njia yao. Niliibeba nyungu mpaka shambani, nikailaza kando ya shimo la zamani lililokuwa bado wazi, nikaondoa gunia. Fuko alitoka polepole. Alinusa. Bega lake lilikuwa na kovu lisilo na manyoya, lakini mguu ulikanyaga. Akaingia. Kisha, kabla sijasimama, udongo ukaanza kusukumwa kutoka ndani, kidogo kidogo, mpaka shimo likajaa na kuzibwa kabisa. Amefunga mlango wake. Nikajitazama ndani, nikatafuta ile hasira kila mahali. Haikuwepo. Baba mdogo alikuwa tu Baba mdogo. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa safi vile, wala siku ya harusi, wala siku niliyobatizwa.

Nikakimbia. Nilitaka niwapate nimwambie Mama kwamba nyumba imepoa, angalau upande wangu. Nilipita mtoni, nikapanda, nikateremka, na kwenye kona yenye mawe nikawaona wanakuja. Walikuwa wanarudi. Walitembea taratibu, na leso ilikuwa imetandazwa juu ya machela yote. Nikafurahi. Nikafikiri, amepona njiani, hospitali haina haja tena, na wamemfunika uso kwa sababu hapendi mwanga. Nikapiga kelele, "Mama, imetoka." Baba mdogo akaacha mti wa machela kwa mwenzake, akaja akapiga magoti njiani, akanishika mabega. Alinishika tu, mpaka nikaelewa.

Binti yangu ni muuguzi. Ameshanieleza mara nyingi kuhusu homa ya uzazi, inavyoanza na inavyomaliza, na dawa iliyokuwepo hata wakati ule kama mgonjwa angefikishwa mapema. Namsikiliza. Najua anasema kweli.

Baba alifika siku ya mazishi, vumbi jekundu la Voi bado liko kwenye nywele zake, akaketi kwake kama mgeni. Watu walipotawanyika Nyanya alituita uani. Alikuwa ameinama mgongo. Nadhani uliinama siku zile na haukunyooka tena. Alikuwa na kata. "Nyumba imefiwa," alisema. "Tusiachie na kingine kiingie." Akapuliza, akasema maneno. Baba akapuliza. Baba mdogo akapuliza, akamtazama Baba, na safari hii nadhani yalitoka na kitu, kwa maana walishikana mikono.

Nikapewa mimi. Nikajaza kinywa. Nilikuwa na hakika sina kitu cha kutema, nimeshakitoa shambani asubuhi ile. Nikatafuta ndani ili nihakikishe, na nikakuta kitu kikubwa kimekaa pale ambapo palikuwa patupu. Nilikuwa na hasira na Mama. Nilifanya kila kitu. Nilimponya fuko, nilimsamehe Baba mdogo, nilikimbia mpaka miguu ikachubuka, na yeye hakuningoja hata mpaka kwenye ile kona. Alinichukulia kila nilichofanya akaondoka nacho.

"Tema, mwanangu," Nyanya akasema.

Nikamtazama, nikameza. Nyanya aliliona koo langu likishuka. Hakunikemea. Alichukua kata mkononi mwangu, akamwaga yaliyobaki ardhini, akawaambia wenzake, "Basi, imetosha." Maji yale yalikuwa baridi, yalichotwa kisimani asubuhi. Nilisikia yakishuka mpaka chini kabisa.

Mjukuu wangu ameniuliza tena leo kwa nini nina maneno makali, na nimemjibu vibaya tena.